Naomba ushauri: nitateteaje uchimbaji wa makazi ya juzi tu?

Ndugu wanachama, ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu makazi ya wafanyakazi wa kiwanda yaliyoachwa katika karne ya 20, lakini msimamizi wangu anaona kwamba kipindi chenye nyaraka, picha na mashahidi walio hai hakihitaji akiolojia. Mimi naamini kinyume chake, kwa kuwa nyaraka nyingi huandikwa na wenye mamlaka, na hata shahidi mkweli husahau. Mradi wa taka ulioanzishwa na mwanaakiolojia William Rathje katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, mwaka 1973 ulilinganisha maelezo ya watu na yaliyokutwa katika mapipa yao, ukabaini kwamba walikunywa pombe zaidi ya walivyokiri. Watafiti wa mradi huo walipochimba madampo, walikuta magazeti ya miongo iliyopita yangali yanasomeka, ingawa wengi walidhani karatasi huoza haraka. Nchini Argentina, tangu miaka ya 1980, mbinu za akiolojia zimesaidia kufukua na kutambua mabaki ya watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi, na sidhani kama familia zao zingeiita kazi hiyo anasa.

Je, nitangulize hoja ipi? Na wazee waliowahi kuishi hapo niwahoji kabla ya kuchimba, au baada, ili masimulizi yao yasielekeze macho yangu mapema?