Raleigh ya zamani: namba kwenye habu, kikombe kisichoingia na bati ndani ya fremu

Spoku_MwembeTayari
Salaam wakuu. Kuna baiskeli ya Raleigh, nyeusi, ya breki za fimbo inafumuliwa hapa. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ni Sturmey-Archer ya gia tatu, imegongwa AW 59 4. Kikombe kipya cha gololi, cha baiskeli ya Kihindi, kinaingia mizunguko miwili pale kwenye ekseli ya pedali, kisha kinakwama. Na bomba la siti limechomolewa likiwa limezungushiwa bati la mkebe. Hizo namba ni za nini? Kikombe kipigwe spana ndefu? Bati lirudishwe?

GololiRobo
Spana ndefu weka mbali, ndugu yangu. Raleigh nyingi za kiwanda cha Nottingham, Uingereza, zina hesi (mikato ya skrubu) 26 kwa inchi, vikombe vya kawaida vina 24. Mizunguko miwili ya mwanzo hupita kwa ulegevu tu. Ukiendelea, kikombe kinakula hesi za fremu, na fremu haina spea.

Osha vile vya zamani kwa mafuta ya taa, uvitazame juani. Njia ya gololi ikiwa laini, rudisha, hata kama nje kutu imekula. Weka gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, na grisi ya kutosha. Kikombe cha kulia hufunguliwa kwa kuzungusha mkono wa saa. Hapa ndipo wengi huharibu.

Ukikuta vishimo ndani ya kikombe vimepangana sawasawa, kuna fundi aligonga kota pini, ile inayobana kranki kwenye ekseli, bila egemeo. Simamisha kipande cha bomba la chuma kutoka sakafuni hadi chini ya kranki ndipo ugonge, pigo liende sakafuni lisipite kwenye gololi.

GiaTatu_Kisauni
AW ni modeli ya habu, 59 4 ni Aprili 1959. Lakini huo ni umri wa habu. Gurudumu huhama baiskeli, kwa hiyo usimuuzie mtu fremu ya 1959 kwa ushahidi huo peke yake.

Kutu ya nje isikutishe. Kwa chumvi ya huku Pwani ganda huwa jekundu na gia za ndani bado zang'aa. Ukikuta utando wa kahawia unaonata, mtu alitia mafuta ya kupikia. Loweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, ukaushe, kisha kijiko cha chai cha mafuta mepesi ya injini. Grisi usiijaze kwenye gia, vijino vya ratcheti, vile vinavyoruka na kushika gia, vitalala.

Kurekebisha: weka gia ya pili, chungulia dirisha la nati ya kulia. Bega la kijiti cha kicheni (kile kinyororo cha kuvuta gia) liwe sawa na ncha ya ekseli. Likikosea, gia huachia ukiwa umesimama juu ya pedali, na bomba la juu unalijua lilipo.

Makupa_Fremu
Bati, la. Ama bomba la siti si lake, ama shingo ya fremu imepanuka. Pima upana wa ndani kwa vernia (kipimo cha milimita). Fremu nzito hizi kwa kawaida huchukua 25.4 mm. Kwangua rangi kwenye mpasuko wa boliti utafute ufa kabla ya kununua chochote.

Na msasa usiguse hiyo nyeusi kwanza. Rangi ya brashi huyeyuka kwa thina, ya kiwandani hushikilia. Futa kwa kitambaa sehemu ndogo ndogo. Ukiona mstari wa dhahabu simama, maana thina itauchukua nao.

Spoku_MwembeTayari
Shukran. Vikombe ni laini, ila cha kushoto kina kishimo kimoja.

GololiRobo
Hicho funga. Kishimo kikiangukia juu hakitasumbua sana, uzito mwingi hukaa chini.