Kisima kiko uani kwangu, maji yake ni ya nani?

Katika kikao cha mtaa wetu hapa Mtwara, mzee mmoja alisimama na kusema kwamba kumtaka mtu aandikishe kisima alichokichimba kwa fedha za korosho zake ni sawa na kumtoza kodi ya mvua. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na naomba nieleze sababu zangu, kisha wengine wachangie.

Namkubalia mzee jambo moja: hakuna aliyechimba kisima kwa anasa, maana familia haiwezi kuahirisha kupika wala kuoga. Lakini maji yaliyo chini ya kiwanja si sehemu ya kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inayaweka maji yote ya Tanzania Bara kuwa mali ya umma chini ya Rais, akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, kama Sheria ya Ardhi ya 1999 ilivyofanya kwa ardhi yenyewe. Hati inakupa haki ya kukaa na kutumia. Haikupi maji yanayojipenyeza mchangani kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine.

Shangazi yangu anakaa Shangani, karibu na bahari. Kisima chake cha kwanza, kifupi, cha kuchimbwa kwa mkono, kilitoa maji matamu kwa miaka mingi. Yalipopungua alimwita fundi mwenye mtambo, naye akamshauri ateremke zaidi, kwa kuwa wengi tunaamini kwamba kisima kirefu ndicho chenye maji bora. Leo sabuni haitoi povu, maharage yanachemka tangu asubuhi bila kulainika, na birika lina ukoko mweupe unaokwanguliwa kwa kisu. Hakuna aliyemwambia kwamba pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya wataalamu, kila mita 1 ya maji iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake takribani mita 40 za maji matamu. Tukivuta mpaka mita hiyo ikatoweka, chumvi mwishowe inaweza kupanda kwa kiasi hicho hicho, na msimu wetu mmoja wa mvua hautoshi kuirudisha chini.

Ndiyo maana nataka kila kisima kiandikwe: kina chake, maji yalikutwa wapi, na yana chumvi kiasi gani. Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, iliyo miongoni mwa bodi tisa za mabonde nchini, iko hapa hapa Mtwara, lakini haiwezi kulinda maji yanayovutwa bila yeyote kujua. Napendekeza mzigo huo abebe fundi, akabidhi kumbukumbu kabla ya kuondoa mtambo wake, na mwenye kisima cha nyumbani asilipe chochote. Alipe anayejaza maboza, anayefyatua matofali na mwenye hoteli.

Mchangiaji wa Newala:

Ndugu mleta mada, hiyo ni hoja ya watu wa pwani. Huku juu ya uwanda wa Makonde mchanga unameza mvua yote na mito hakuna. Tunakinga maji ya mapaa katika matangi ya saruji yaliyochimbwa uani, na ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari. Nguvu zote zikiishia kuhesabu visima vya akina mama, nani atalinda mahali ambapo mvua inaingia ardhini?

Mleta mada:

Ndugu yangu, umenisahihisha, nami nashukuru. Nilianzia uani kwa shangazi kwa sababu ndiko ninakochota. Hata sisi wa mjini tunategemea visima vya Mtawanya, na wenzetu wa Lindi wanategemea vya Ng'apa, kwa hiyo maeneo hayo yapimwe na kuwekewa mipaka kabla ya viwanja kuyafikia. Hata hivyo uzio peke yake hautoshi, kwa sababu mtu akichimba visima vitatu vya kumwagilia nje kidogo ya mpaka bila kuandikishwa, atayavuta maji yale yale kupitia chini ya uzio, nasi tutaona pampu zinadhoofika bila kujua kisa.

Kwa hiyo naliacha swali kwa wengine: visima ambavyo tayari vimechimbwa, na mafundi wake hawajulikani walipo, nani agharamie kuvipima, mtaa, halmashauri au bodi?