Darubini ya kuangalia ndege: ya elfu themanini, laki nne au milioni?

Kipwa_Kunduchi: Wakuu, natafuta darubini ya kuangalia ndege ufukweni Kunduchi bahari ikipwa, baadaye niende nayo Mikumi. Kariakoo kuna iliyoandikwa 30x60 kwa elfu themanini, na 8x42 ya laki nne. Navaa miwani. Nichukue ipi?

FundiLenzi: Hiyo 30x60 iache hapo hapo. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Weka rula: ukikuta 21 au 25, maandishi ni urembo tu. Halafu gawa: 42 kwa 8 ni 5.25, upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Ya 8x21 inatoa 2.6 tu, magharibi ikikaribia unaona giza. Lenzi nyekundu kama rubi nazo ni mtego. Zinarudisha nje mwanga mwekundu na picha inageuka ya kijani, rangi ya miguu ya ndege huipati.

Bi_Pugu: Kwa miwani, mkuu, uliza jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na kioo cha nyuma. Chini ya milimita 15 utaona kijitundu katikati. Nikon Prostaff P3 8x42 inatosha kwa hilo, na imejazwa nitrojeni na kuzibwa maji. Kwa unyevu wa Dar hilo ni la lazima: isiyozibwa inaota kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na kuvu hula tabaka lililopakwa juu ya lenzi. Ihifadhi kwenye kopo lenye vipakiti vya silika, si ndani ya mfuko wake wa ngozi.

Yangeyange: Kwa Kunduchi mimi nasema 10x42, ndege wanakaa mbali.

FundiLenzi: Mbali ndiyo, lakini kuna upepo wa bahari. Ukikuza mara 10, mtikisiko wa mkono unaonekana zaidi na eneo unaloona linapungua. Bila kiegemeo, 8 inaonesha zaidi.

Kipwa_Kunduchi: Na za milioni na zaidi?

Yangeyange: Nikon Monarch M7 ina kioo cha ED, yaani kioo kinachopunguza kutawanyika kwa rangi. Mtazame yangeyange mweupe dhidi ya anga: kwenye za bei ya chini anazungukwa na mstari wa zambarau, hapa unapungua sana. Swarovski na Zeiss za juu ni mamilioni kadhaa. Faida yake iko pembeni mwa picha na kwenye giza la alfajiri. Kwa kuanzia, laki nne inatosha.

FundiLenzi: Kabla hujalipa, toka nje ya duka. Fumba jicho la kulia, fokasi nguzo ya umeme kwa gurudumu la kati. Fumba la kushoto, fanya picha iwe kali kwa pete ya jicho la kulia. Fumbua yote. Ukiona nguzo mbili, au macho yanavutwa, prizimu (vioo vya ndani vinavyogeuza mwanga) zimehama, pengine iliangushwa. Usikubali kuambiwa utazoea, omba nyingine.