Tupeane uzoefu: wimbo gani toleo lake la pembeni linalizidi la kwenye albamu?

Santuri45
Wakuu, tuziweke hapa nyimbo ambazo toleo la jukwaani, la redio au la kabla ya kupakwa poda studio linaliacha mbali lile la albamu. Sharti moja: usiishie kusema "tamu". Sema limerekodiwa wapi, linatofautiana kwa nini, na unalipataje bila kubambikiwa.

Naanza na No Woman, No Cry wa Bob Marley. La albamu ya Natty Dread, 1974, lina ngoma ya mashine inayogonga vilevile mwanzo mwisho, na halifiki dakika 4. La jukwaani, ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975, linapita dakika 7. Kinanda kinatangulia polepole, na watazamaji wanaimba kabla Marley hajafungua mdomo. Hilo ndilo lililowekwa kwenye Legend, mkusanyiko wa nyimbo zake zilizovuma, kwa hiyo wapo wengi wanaodhani wanalijua la kwanza kumbe hawajawahi kulisikia.

Besi_Kavu
Hapohapo kwa Marley: Catch a Fire, 1973. Kanda zilitoka Jamaika, zikaongezewa vyombo London. Gitaa la Wayne Perkins, Mmarekani wa Alabama, na vinanda vya Rabbit Bundrick vilipachikwa juu ili masikio ya mashabiki wa roki yasishtuke. Matoleo ya Jamaika yalitoka kwenye toleo la diski 2 la mwaka 2001. Pima kwa Concrete Jungle: kama katikati linaingia gitaa la solo linalolia kwa kuvuta nyuzi, uko London. La Jamaika halina solo hiyo, besi na ngoma ziko mbele, kavu kabisa. Kwangu hilo ndilo lenyewe.

Spika_Mbao
Hotel California wa Eagles, la jukwaani la 1994, la magitaa makavu (yasiyo ya umeme). Ngoma nzito ya mwanzoni ndiyo wauza spika wanayojaribia. Usilipime kwenye spika ndogo ya bluetooth, utasikia "tuk" tu badala ya "duum", halafu uje hapa kulaumu wimbo.

DadaRumba
Angalizo kwa wanaotafuta kwenye aplikesheni: Shauri Yako, mtunzi ni Nguashi Ntimbo, lakini linalovuma zaidi ni la Super Mazembe. Chini yao kuna lundo la marudio ya watu wengine. Jina la wimbo halitoshi, linganisha jina la bendi na urefu.

Na dansi letu tusilisahau. Bendi za Tanzania zilirekodi RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) kwa ajili ya hewani, na baadhi zikavuka kwenda Nairobi kurekodi santuri. Utepe wa redio haukubanwa na upande wa sahani, kwa hiyo chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu, lilipewa nafasi yake.

Mgeni_Njiani
Single (santuri ndogo) nyingi za dansi na rumba ni sehemu ya 1 upande A, ya 2 upande B. Zinaungwaje zikawa wimbo mmoja?

Santuri45
Sahani ya inchi 7 kwa mizunguko 45 kwa dakika inabeba vizuri dakika 3 hadi 5. Ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inashuka. Ndiyo maana walikata.

Rekodi pande zote mbili bila kugusa kitufe cha sauti, kilele kisipite desibeli −6. Kama sahani ni ya mono (sauti ileile kushoto na kulia), changanya chaneli mbili ziwe moja kabla ya jambo lolote. Muziki wa mono unaisukuma sindano kushoto na kulia, ilhali vumbi na mikwaruzo huirusha pia juu na chini. Ukichanganya, mwendo wa juu na chini unajifuta.

Kisha kasi. Kama pande zinatofautiana, gitaa la rithim litaruka au kuzama mara tu B inapoingia. Nusu toni ni karibu asilimia 6 ya kasi, hivyo kosa dogo hurekebishwa kwa asilimia 0.5 hadi 1. Badilisha kasi yenyewe. Ukibadilisha toni peke yake, programu inakatakata sauti na matoazi yanalia kama yako ndani ya maji.

Kuunga sasa. Mara nyingi A inafifishwa mwishoni, na B inaanza kwa kurudia mizunguko michache. Usiunge penye uimbaji. Tafuta pigo lilelile la ngoma pande zote mbili, kata A hapo kabla haijaanza kufifia, B ianzie papo hapo, mwisho wa A na mwanzo wa B vilaliane kwa milisekunde 10 hadi 20. Usijaribu kuipandisha sehemu iliyofifia, utapandisha na mvumo wa sahani. Kama B hairudii chochote, acha pengo libaki.

Mgeni_Njiani
Na kaseti inayosikika imeziba?

Besi_Kavu
Safisha hedi (kile kichwa kinachosoma kanda) kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Gurudumu la mpira lipanguse kwa maji yenye sabuni kidogo, maana spiriti huweza kulikausha.

Bado imeziba? Hedi imepinda kuliko ile iliyorekodia kanda. Pembeni ya hedi kuna skrubu yenye springi. Itie alama ya kalamu ilipo, sikiliza kwa mono, zungusha kidogo kidogo, isizidi robo mzunguko, mpaka matoazi yafunguke. Ukimaliza kurekodi irudishe kwenye alama, la sivyo kaseti zako nyingine zote ndizo zitakazoziba.