Mjadala: Provosti awajibike kwa aliyemteua au kwa anaowaongoza?

Mleta mada, Moshi

Wakuu, naleta hoja ambayo kwetu huzungumzwa chinichini kila nafasi inapokaribia kuwa wazi, na jina likishatangazwa kila mtu ananyamaza. Provosti apatikane vipi? Ateuliwe na askofu au bodi, au achaguliwe na wale atakaowaongoza? Msimamo wangu nauweka wazi mapema: achaguliwe, kwa muhula mmoja wenye mwisho unaojulikana, na asiondolewe ila kwa sababu iliyoandikwa.

Kwa ambao hawajawahi kukifuatilia cheo hiki: kanisani, hasa kwa Waanglikana, provosti ndiye msimamizi wa kanisa kuu la dayosisi. Kiti cha askofu kiko pale, lakini ibada, wachungaji, fedha na majengo ya kila siku yako mikononi mwa provosti. All Saints ya Nairobi inaye, All Saints ya Nakasero kule Kampala inaye. Vyuoni inategemea uko wapi. Huku kwetu vyuo vishiriki vya Tumaini, vya Kanisa la Kilutheri, Iringa na KCMC vikiwemo, viliongozwa na maprovosti, kama ndaki (vyuo vilivyo ndani ya chuo kikuu) za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinavyoongozwa na marasi. Marekani provosti ni mtu wa pili chuoni, mshika taaluma. Na Oxford, Cambridge na Dublin zipo ndaki ambazo provosti ndiye mkuu kabisa, hakuna aliye juu yake humo ndani.

Sasa tazameni King's College, Cambridge, mwaka 1689. Mfalme William III alitaka Isaac Newton awe provosti. Newton huyuhuyu, miaka miwili tu baada ya kuchapisha kazi yake kuhusu mwendo na mvutano iliyompa jina Ulaya nzima. Wanazuoni wa ndaki, yaani wahadhiri walio wanachama wake, wakakataa. Katiba yao ilitaka provosti awe mmoja wao na awe kasisi; Newton hakuwa hili wala lile. Wakamweka Charles Roderick, jina ambalo leo halijulikani nje ya kumbukumbu za ndaki yenyewe. Wapo wanaowacheka kwa kumkosa Newton. Mimi nawaheshimu, kwa sababu tangu siku ile kila aliyekuwa na mkono mrefu alijua kwamba ndaki hiyo ina mlango na ufunguo wake.

Dublin ilikuwa kinyume. Trinity College ilianzishwa 1592, na kwa karne nyingi provosti wake aliwekwa na mfalme. Mwaka 1774 akapewa nafasi John Hely-Hutchinson, mwanasheria na mbunge, ambaye si kasisi wala hakuwa mwanazuoni wa ndaki. Alikaa miaka 20, hadi kifo chake 1794, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa magomvi na wahadhiri walioamini kwamba nafasi yao ilitolewa kama zawadi ya siasa. Leo Trinity wanampigia kura provosti wao na muhula ni miaka kumi. Mwaka 2021 wakamchagua Linda Doyle, mwanamke wa kwanza tangu kuanzishwa kwa chuo. Miaka zaidi ya 400 ya kabla yake haikuwahi kumtoa mwanamke hata mmoja.

Karibuni. Naomba tubaki kwenye utaratibu, tusitaje watu wa vyuo vyetu kwa majina.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na natofautiana nawe kwa heshima zote. Umetoka Cambridge ukaenda Dublin, ukaruka All Saints ambayo umeitaja mwenyewe.

Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula pale Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe. Siku chache baadaye, tarehe 3 Machi, polisi wakawavamia, wakawapiga, Wangari akazirai. Akina mama wakavuka wakaingia All Saints, hatua chache kutoka bustanini. Provosti alikuwa Peter Njenga. Wakapewa chumba cha chini ya kanisa, na huko wengine walibaki hadi mapema 1993, wakati wana wao walipokuwa wameanza kuachiliwa. Fikiria uzito wake: karibu mwaka mzima, serikali ina hasira, askari wako nje, na kila Jumapili waumini wanapita kwenye kanisa lenye wageni ambao Rais hataki kuwasikia.

Provosti huyo hakupigiwa kura na waumini. Na nakwambia kama Mkenya: kura ingepigwa mwaka ule, mwaka wa kurudi kwa vyama vingi, ingepigwa kwa kabila na kwa chama. Ndani ya kanisa lile walikuwemo mawaziri, wafanyabiashara, makatibu wakuu, na walikuwemo wanafunzi na wachuuzi. Mgombea ambaye angewapokea wale mama asingepita. Alisimama kwa sababu aliyemweka pale hakuwa akihesabu kura.

Kuna mwingine ambaye nadhani hajulikani sana kwetu. Bernhard Lichtenberg alikuwa provosti wa kanisa kuu la Mtakatifu Hedwig, Berlin, tangu 1938. Baada ya Wayahudi kushambuliwa kote Ujerumani Novemba mwaka huo, akawa anawaombea hadharani katika ibada ya jioni. Akakamatwa 1941, akafia njiani akipelekwa Dachau, Novemba 1943. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 1996. Huyu naye alikuwa mteule. Utaratibu wa kura hauna uwezo wa kumtengeneza mtu wa aina hiyo, na unao uwezo mkubwa wa kumzuia asipite.

Mchangiaji, Songea

Mimi nimelelewa karibu na Peremiho, kwa Wabenediktini, kwa hiyo naomba niwakumbushe kwamba ugomvi huu ni wa kale kuliko vyuo vikuu vyote. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, sura ya 65, inamhusu huyuhuyu mtu wa pili baada ya abate (mkuu wa monasteri), ambaye kwa Kilatini cha wakati ule aliitwa praepositus, na huko ndiko cheo cha provosti kilikotoka.

Benedikto anaanza kwa kulalamika. Anasema mara nyingi kumweka mtu huyu kumezaa fitina kubwa monasterini, kwa kuwa wengine wanajivuna na kujiona abate wa pili. Tena anataja chanzo: ni pale wale waliomweka abate wanapomweka na huyu, kwa hiyo tangu mwanzo anajiona hawiwi utii na abate wake. Ndiyo maana angependa kazi zigawiwe kwa wakuu wadogo kadhaa, asiwepo mmoja wa kuvimba kichwa. Na ikibidi awepo, abate mwenyewe amchague, kwa ushauri wa ndugu wanaomcha Mungu.

Mleta mada, provosti wako wa kura atakuwa na fungu lake la uhalali, na askofu ana lake. Siku wakigongana, kila mmoja atasema mimi nimetumwa na watu. Dayosisi zetu zimeshaona migogoro ya kutosha, wengine tumeona hadi makufuli mapya kwenye milango ya makanisa. Unataka kuongeza mlango mwingine wa ugomvi?

Mleta mada, Moshi

Asante Songea. Umeisoma sura hiyo vizuri, lakini umeishia njiani. Benedikto anasema pia kwamba huyo mtu awekwe pale jumuiya inapoomba kwa haki na kwa unyenyekevu. Akikosea, aonywe kwa maneno hadi mara nne, kisha apewe adhabu ya kawaida ya kanuni, ndipo aondolewe. Na sura inafunga kwa kumgeukia abate mwenyewe: akumbuke kwamba atatoa hesabu kwa Mungu kwa maamuzi yake yote, wivu usije ukaichoma roho yake. Mzee huyu alijua hatari iko pande zote mbili. Huku kwetu provosti anaondolewa kwa barua ya aya moja, na onyo la kwanza anakuwa amelisikia kwa dereva.

Nairobi, habari ya 1992 naikubali yote, na ndiyo inayonitia hofu. Akina mama wale walikuwa na bahati kwamba mlango ulikuwa mikononi mwa mtu yule. Aliyemteua kama angeamua kumwondoa wiki ya pili, alikuwa na kinga gani? Sitaki mwanamke aliyepigwa na askari ategemee bahati ya nani yuko ofisini na nani yuko juu yake.

Mchangiaji, Dodoma

Wote mnazungumzia kuingia. Tatizo kubwa ni kutoka.

Oriel College, Oxford, mwaka 1828 wanazuoni walimchagua Edward Hawkins kuwa provosti badala ya John Keble. John Henry Newman, aliyekuja kuwa kardinali, alimuunga mkono Hawkins. Haikupita miaka mitatu wakakosana juu ya namna ya kuwalea wanafunzi, na Hawkins akaacha kumpa Newman na wenzake wanafunzi wapya mpaka wakabaki hawana wa kumfundisha. Na Hawkins? Alibakia provosti hadi alipofariki 1882. Miaka 54! Kwa kura halali kabisa.

Dublin vilevile: George Salmon, mwanahisabati mkubwa, provosti kuanzia 1888, alipinga wanawake kuingia Trinity mpaka uzee wake. Wanawake waliruhusiwa 1904, mwezi uleule aliofariki. Yeye aliteuliwa. Kwa hiyo mteule na mchaguliwa walifika kituo kimoja, kwa sababu wote wawili walikuwa na kiti cha maisha.

Mchangiaji, Minneapolis

Nafanya kazi ya ofisi kwenye chuo kikuu huku Marekani, naongezea upande huo maana hapo juu umepitwa kwa mstari mmoja.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilianza na provosti kama kiongozi mkuu. Wa kwanza alikuwa William Smith, 1755. Ilipofika 1930 wakaweka rais juu yake, provosti akashuka akawa wa pili. Cheo kilekile, jengo lilelile, kazi nyingine kabisa. Harvard waliweka provosti 1945, Paul Buck, na alipoondoka 1953 nafasi ikaachwa wazi hadi 1992. Karibu miaka 40 chuo tajiri kuliko vyote kiliendelea bila provosti.

Hapa provosti huteuliwa na rais wa chuo kwa idhini ya bodi, na hakuna anayepigia kelele kura. Kelele ziko kwenye bajeti. Provosti ndiye anayeamua idara ipi iajiri, nani apandishwe kuwa profesa, programu ipi ifungwe. Rais yuko safarini anatafuta wafadhili; mhadhiri anayetaka kujua hatima ya idara yake anaisoma kwenye uso wa provosti. Na rais akianguka, huyu ndiye anayeitwa. Januari 2024 Claudine Gay alipojiuzulu Harvard, aliyekaimu siku hiyohiyo ni provosti, Alan Garber, na baadaye akathibitishwa kuwa rais.

Kwa uzoefu wangu, kinachowalinda wahadhiri ni mezani pa provosti kuwa na vitabu vya hesabu vilivyo wazi. Provosti wa kura mwenye bajeti ya siri ni hatari kuliko mteule ambaye hesabu zake zinasomwa na seneti.

Mchangiaji, Kampala

Naomba nitoe njia ambayo tunayo hapa Uganda. Makamu Mkuu wa chuo kikuu cha umma, Makerere kwa mfano, kwa sheria ya 2001, seneti inapendekeza majina matatu, yanapita kwenye baraza la chuo, na Mkuu wa Chuo anateua mmoja. Wahadhiri hawapigi kampeni, hakuna mabango wala pilau ya usiku, lakini pia mkubwa hawezi kuleta mtu kutoka mfukoni. Mivutano bado ipo, sitawadanganya. Lakini mtu ambaye seneti haimtaki kabisa hapati hata kuingia kwenye karatasi.

Kwa nini kanisa kuu lisifanye hivyohivyo? Halmashauri ya kanisa itoe majina matatu, askofu achague mmoja. Nairobi atapata askofu wake, Moshi atapata watu wake.

Mchangiaji, Nairobi

Majina matatu nayapokea, mradi yatoke kwa wazee wa kanisa waliokaa na kupima, si kwa foleni ya kura baada ya ibada. Lakini Dodoma ameuliza la kutoka na bado halijajibiwa. Provosti akionywa mara nne kama alivyotaka Benedikto, nani anayesikiliza utetezi wake? Ikiwa ni askofu yuleyule aliyemwonya, hakuna tulichobadilisha.

Mleta mada, Moshi

Majina matatu hata mimi nayapokea badala ya kura ya moja kwa moja, na muhula uwe mmoja wa miaka saba, ili pasiwe na mtu wa kumbembeleza apewe wa pili, wala Hawkins mwingine. Hesabu zisomwe kwenye seneti au halmashauri kila mwaka, kama alivyosema wa Minneapolis.

Kuhusu utetezi: chuoni usikilizwe na kamati ya baraza ambayo mwenyekiti wa bodi hamo, na angalau mjumbe mmoja awe ameletwa na seneti. Kanisani usikilizwe na watu watatu waliochaguliwa na sinodi mwanzoni mwa muhula, kabla hakuna aliyejua nani atagombana na nani, na mmoja wao atoke dayosisi nyingine. Uamuzi uandikwe na sababu zake zisomwe kwa waumini. Wenye nafasi kwenye sinodi zijazo, hicho kipengele cha watu watatu ndicho ninachoomba mkipeleke kwanza, kwa sababu hakihitaji kumgusa provosti yeyote aliyeko ofisini leo.