HB 7.8 na virutubisho vya 180,000 vimeisha, damu haipandi. Naombeni ushauri

Mwalimu wa Moro

Habari za jioni wapendwa. Nina miaka 39, mama wa watoto watatu, nafundisha shule ya msingi hapa Morogoro. Tangu mwishoni mwa mwaka jana nachoka kupita kiasi. Nikiandika mistari kumi ubaoni lazima nikae, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Kile kilima cha kufika nyumbani nasimama mara tatu, na mwanangu wa darasa la nne ndiye ananibebea madaftari. Kucha zimekuwa bapa, zinavunjika hovyo.

Mwezi wa tatu nilipima zahanati, HB (kipimo cha wingi wa damu) ikawa 8.1. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Vilinifunga choo na kunichafua roho, siku ya tano nikaviacha. Mwenzangu wa kazini akanikutanisha na dada anayeuza virutubisho, nikanunua makopo mawili kwa 180,000, nikaahidiwa HB itafika 12 ndani ya mwezi. Nimeyamaliza yote. Juzi nimepima tena: 7.8.

Juisi ya bitiruti nakunywa kila jioni, choya pia, na mchicha haukosekani. Sina mimba, malaria sina. Yule dada anasema niongeze makopo mawili mengine kwa kuwa mwili bado unajisafisha. Hela iliyobaki ni ya ada ya mkubwa wangu. Nifanyeje?

Mama Shambani

Pole sana dada. Achana na makopo. Chuma majani ya mlonge, yaanike kivulini (siyo juani), twanga, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni. Changanya na majani ya ule mmea unaoitwa damu ya mzee, ya kuchemsha. Mimi nilipojifungua wa pili ndivyo mama mkwe alivyonilea na nilinyanyuka.

Nesi Mstaafu

Mwalimu, pole mdogo wangu. Kabla hujanunua chochote, nijibu haya bila aibu, hapa sote ni watu wazima. Hedhi yako inakaa siku ngapi, na siku ile nzito unabadilisha pedi mara ngapi? Chai unakunywa saa ngapi? Kuna kitu unatafuna kisicho chakula: udongo, barafu, mchele mbichi? Unameza dawa za maumivu mara kwa mara? Halafu lichukue lile kopo, geuza nyuma, utuandikie kilichoandikwa.

Mwalimu wa Moro

Asante dada. Hedhi siku nane, wakati mwingine tisa. Siku ya pili na ya tatu nabadilisha kila baada ya saa moja na nusu, na mabonge yanatoka. Imekuwa hivyo kama miaka miwili, nikadhani ni umri.

Chai nina chupa yangu ofisini, ya rangi, kikombe asubuhi na chapati, kingine saa nne, kingine baada ya ugali wa mchana. Vidonge nilimezea hiyo hiyo chai.

Udongo… ndiyo. Hata mume wangu hajui. Vile vitofali vya sokoni, nanunua vya 500, nakaa navyo kwenye mkoba. Harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi natokwa mate.

Dawa za maumivu ni siku za hedhi tu. Kopo limeandikwa: kalsiamu miligramu 500, madini chuma miligramu 5, halafu "mchanganyiko maalumu wa mimea" bila kiasi.

Nesi Mstaafu

Asante kwa ukweli wako. Na la udongo usijilaumu hata kidogo. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini chuma, na nimeiona kwa wanawake wengi sana wodini. Tatizo ni kwamba udongo wenyewe unashika chuma tumboni kisifyonzwe, na unaweza kukuletea mayai ya minyoo na hata sumu ya madini ya risasi. Chuma kikipanda, hamu huwa inakatika yenyewe.

Sasa tupige hesabu. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 40, ikizidi 80 inahesabiwa nzito. Mililita moja ya damu iliyo kamili ina karibu nusu miligramu ya chuma. Anayemwaga mililita 120 anapoteza miligramu 60 kwa mwezi, ilhali chakula cha kawaida kinatuingizia mwilini miligramu moja hadi mbili kwa siku. Ndoo yako imetoboka, mwalimu, ndiyo maana haijai. Kopo lako linakupa miligramu 5, tena pamoja na kalsiamu inayozuia chuma kupita! Kidonge cha kawaida cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi karibu 65, na kwenye duka la dawa ni bei ya vocha.

HB chini ya 8 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu mkali. Kwa hiyo kesho nenda hospitali, siyo wiki ijayo. Ukihisi kukosa pumzi ukiwa umekaa, maumivu ya kifua, au ukizimia, nenda usiku huo huo. Omba picha nzima ya damu, kipimo cha akiba ya chuma kama wanacho, choo kwa ajili ya minyoo, na utrasaundi ya kizazi. Waambie pia kama ukoo wenu una selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), maana si kila damu pungufu inatibiwa kwa chuma.

Vidonge ukirudishiwa, meza tumbo likiwa tupu, kwa maji na chungwa au pera. Chai na maziwa navyo vinazuia chuma, visogeze mbele au nyuma saa mbili. Tumbo likikusumbua, mwambie daktari. Kwa wengi kumeza siku moja na kuruka moja kunapunguza kero, na chuma bado kinafyonzwa vizuri. Choo kitakuwa cheusi, usiogope.

Mama Shambani, mlonge ni mboga nzuri na aendelee nao kwenye mlo. Ila chuma cha majani kinafyonzwa kidogo kuliko cha maini, nyama na dagaa. Kwa HB 7.8 mboga ni msaidizi tu. Bitiruti inapaka rangi kuliko inavyoleta chuma.

Baba Tatu

Naongezea moja kwa wengine mnaosoma. Mzee wangu choo kilikuwa cheusi na cha kunata kama lami kabla hajameza kidonge chochote cha chuma. Alikuwa anatumia dawa za maumivu ya mgongo, diklofenaki, kila siku, miezi. Kumbe kidonda cha tumbo kinavuja. Ukiona hivyo, usisubiri.

Mama Shambani

Nesi nimekuelewa. Chai baada ya kula hata mimi sijui tangu lini.

Dada wa Kigogo

Mabonge hayo ndiyo yalikuwa yangu. Nilitumia dawa za kusafisha kizazi mwaka mzima, za kunywa na zile za kuweka ukeni, zikanichubua vibaya. Utrasaundi moja ikaonyesha uvimbe mitatu. Mwalimu, tafadhali, ukeni usiweke kitu.

Mwalimu wa Moro

Nimerudi, ni wiki ya tano. Nililazwa siku mbili. Hawakuniongezea damu, walinipa chuma na dawa ya minyoo kwani safura ilionekana. Utrasaundi imeonyesha uvimbe mmoja wa sentimita nne kwenye kizazi. Nameza kidonge siku moja na kuruka moja, kwa ndimu. Chupa ya chai nimeihamishia saa kumi. HB jana ni 9.9.

Udongo niliacha siku ya kumi na mbili. Sikujikaza, nilifungua mkoba nikaona havina harufu. Nikamwambia na mume wangu. Alikaa kimya, kisha akaenda kununua maini.

Daktari amesema chuma niendelee nacho miezi mitatu hata baada ya HB kukaa sawa, na ameniandikia vidonge vya traneksamiki vya kupunguza damu ya hedhi. Kuna aliyevitumia?

Nesi Mstaafu

Ni vya siku za kutoka damu tu, siyo mwezi mzima. Kama uliwahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, au kuna ndugu aliyepata, mwambie daktari kabla hujaanza. Hedhi inayokuja hesabu pedi, uandike kwenye daftari, uende nalo kliniki.

Mwalimu wa Moro

Hakuna aliyepata kwetu, ila nitamuuliza mama kesho. Daftari ninalo tayari.