Baa za mitaani Mombasa: zizime saa tano au ziachwe?

Mzee_wa_Tononoka
Naweka hoja mezani. Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, inaitaka baa ya kawaida iuze kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za kazi, na wikendi na sikukuu ianze saa nane mchana. Leseni zilipoingia mikononi mwa kaunti, kila mwenye baa akawa anasoma saa anazozitaka yeye. Nendeni Tudor, Mikindani, Magongo, Bamburi: ukuta wa baa ndio ukuta wa chumba cha watoto. Wapo wanaosema mgeni aliyelala hoteli ya ufuoni hajaiona Mombasa mpaka aketi kwenye kiti cha plastiki mtaani. Sawa, viti hivyo viwekwe barabara kuu. Mimi nasema zizime saa tano, na zilizo ndani ya mita 300 kutoka shuleni zisipewe leseni kabisa, kama ilivyoandikwa. Anayepinga aje na hoja.

Kolekole
Mzee, ukizima baa saa tano umezima na majiko yote ya nje. Muuza mishkaki, wa viazi karai, wa chapati, wa supu ya pweza: hawa hawauzi pombe, lakini mteja wao ni yule anayetoka baa na njaa. Mama wa supu hutandika meza baada ya magharibi. Pweza mbichi, wa siku hiyo hiyo, kila siku ya Mungu. Biashara yake yenyewe ni kati ya saa tatu na saa sita. Nani atamlipa hizo saa unazomkata?

Kigumba_Likoni
"Pweza mbichi kila siku ya Mungu." Hapo nimeacha kusoma. Ndugu, wewe bahari waiona kupitia dirisha la matatu? Pweza hutolewa mwambani maji yakipwa sana, na maji hupwa sana wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo mwamba huanikwa kuanzia kama saa nne asubuhi na watu huingia na vyuma vyao kumchokoa shimoni. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua na bamvua, mwamba hauonekani. Basi huyo pweza wa kila siku hutoka wapi kama si kwenye freza?

Kolekole
Kwani wapiga mbizi hawapo? Mtu ana miwani na mkuki wake, anangoja mwamba ukauke wa nini?

Kigumba_Likoni
Wapo. Sasa niambie kusi likivuma, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, maji yamechafuka na mawimbi yanapasuka juu ya mwamba, huyo mpiga mbizi aona nini huko chini? Kaskazi nakupa. Kusi usinidanganye.

Ramani_Tu
Narudi kwenye mita 300 za Mzee, maana naona zimepita bila kupimwa. Duara la nusu kipenyo cha mita 300 ni kama hekta 28. Kisiwa cha Mombasa kina takriban kilomita za mraba 14. Ukipanga madua­ra 50 yasiyogusana umeshakimaliza kisiwa chote, bandari na makaburi ndani yake. Sheria imesema taasisi yoyote ya kusomesha walio chini ya miaka 18, chekechea ikiwemo. Hesabu chekechea za Majengo pekee. Ukiifuata ilivyo, Mombasa kisiwani haibaki na baa, na sehemu kubwa ya Kisauni vilevile. Mkitaka hivyo semeni wazi mnataka hivyo, msijifiche nyuma ya futikamba.

Mzee_wa_Tononoka
Aliyejificha ni nani? Nimeandika jina la mtaa wangu hapo juu.

FundiSpika
Ugomvi wa saa ni ugomvi wa pembeni. Linalomkosesha jirani usingizi ni besi, na besi haiangalii saa.

Kanuni za kelele za 2009, zile za mazingira, zimegawa maeneo. Mtaa wa makazi uliochanganyika na biashara na burudani ni desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe unaanza saa mbili, si saa tano. Desibeli 35 ni kidogo kuliko feni nyingi za darini zikizunguka. Hakuna baa Mombasa, hata isiyo na muziki, inayofika hapo watu wakiwa wanaongea. Kwa hiyo kila baa iko makosani kila usiku, na anayekamatwa ni yule aliyeamuliwa kukamatwa.

Halafu kipimo chenyewe. Vipimo vingi, na programu nyingi za simu mnazotumia kupigana, vinasoma kwa mizani ya A, ambayo hupunguza sauti nzito kwa makusudi. Kwenye hezi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde), pale besi ya muziki wa klabu inapokaa, mizani hiyo inakata karibu desibeli 26. Ndiyo sababu askari anasimama mlangoni na kifaa kinaonyesha namba ya adabu, huku vyombo vinalia kabatini kwa jirani. Takeni kipimo cha mizani ya C, isiyoikata besi hivyo, kisha linganisheni. Pengo kati ya C na A likiwa kubwa, shida ni besi.

Dawa si ngumu wala si ghali. Spika ya besi isikae pembeni mwa kuta mbili, maana pembe huiongezea nguvu bure. Isikae sakafuni, hasa ghorofani. Iinueni juu ya mpira mzito. Kateni kila kilicho chini ya hezi 50 au 60 kwenye mikisa, ile mashine ya kurekebisha sauti, wacheza dansi hawatajua. Badala ya spika mbili kubwa za kurusha sauti mpaka mwisho wa ukumbi, wekeni ndogo nane za sauti ya chini, zikiangalia ndani. Makuti na mabati hayazuii kitu. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali ukiongezeka maradufu, lakini kwenye kichochoro chenye kuta pande mbili usitegemee hesabu hiyo.

Msee_wa_Thika_Road
Fundi umeandika poa, lakini mimi bado niko kwa ile ya pweza. Watu wa Pwani mnapenda sana kutuambia hatujui bahari. Sisi ndio tunajaza hizo baa Desemba nzima. Sasa nikija, nitajuaje supu ni ya freza? Na freza ina ubaya gani?

Kigumba_Likoni
Hakuna aliyetaja bara hapa ila wewe.

Kolekole
Ulitaja dirisha la matatu. Sote tulielewa.

BiMkubwa_Kizingo
Wanangu, tulieni. Freza haina ubaya kwa pweza. Barafu hupasua nyuzi za nyama, kwa hiyo aliyegandishwa hulainika upesi kuliko mbichi ambaye hakupigwa. Mbichi lazima apigwe kwenye jiwe mpaka mikia ilegee, kisha asuguliwe kwa chumvi ute wote utoke, mdomo na uchafu wa kichwani vitolewe. Asiyepigwa utamtafuna mpaka alfajiri.

Shida ni pweza aliyegandishwa, akayeyushwa, akarudishwa freza, akayeyushwa tena. Huyo ana harufu kali ya kuchoma pua, ile ya choo kisichomwagiwa maji, na muuzaji huizika kwa tangawizi na pilipili nyingi. Mwambie akuwekee kikombe cha supu kabla ya kukamulia ndimu, unuse. Akikataa, msalimie uende zako.

Kitu kingine cha kuangalia ni chungu. Pweza hutoa maji yake mwenyewe mengi, huhitaji kumzamisha. Moto mdogo, kama saa nzima kwa mwenye uzito wa kilo. Supu ya kwanza ni nzito na ina rangi ya zambarau iliyokolea. Saa nne usiku ukiiona nyepesi na bado imejaa, ujue chungu kimeongezwa maji mara nyingi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mama wa supu naye ni binadamu.

Mangweni
Kwa vile tembo limetajwa: nyote mnajadili baa za bia, hakuna aliyekumbuka mangwe, vilabu vya tembo la mnazi. Hiyo saa kumi na moja ya kufungua iliandikwa na mtu aliyekuwa anafikiria chupa. Bia ya chupa itangoja jioni, itangoja hata mwaka. Mnazi haungoji. Mgema hupanda asubuhi, hukata ncha ya karara, ua la mnazi lililofumba, kwa kotama, kisu chake, hushusha kilichojaa usiku kucha, hupanda tena jioni. Tembo la asubuhi ni tamu saa hizo hizo, mchana limeanza kukolea, saa kumi na moja ni kali, kesho yake ni siki. Ukimwambia mwenye mangwe afungue jioni tu, umemlazimisha auze lile kali kwa watu wenye njaa waliotoka kazini. Yule mzee wa vikombe viwili vya mchana, anayekunywa kwa mrija na kwenda zake, umemfukuza, na ndiye aliyekuwa hana fujo.

Na mgeni anayetaka kujaribu: fika saa nne au saa tano asubuhi, uliza la leo, angalia mrija una kichujio mwishoni maana nyuki na mabaki ya karara huwamo. Tembo lililotulia bila povu ilhali ni la leo limetiwa maji. La tamu kupita kiasi alasiri limetiwa sukari.

Tuktuk_ya_Makupa
Mwezi wa Ramadhani je? Hakuna anayezungumza.

Kolekole
Bi Mkubwa, asante, lakini hapo umethibitisha nilichosema. Mama wa supu wa Bondeni ananusisha mtu yeyote.

Kigumba_Likoni
Amethibitisha kwamba wa freza ni mlaini. Wewe ulisema mbichi.

Msee_wa_Thika_Road
Na samaki wa baa? Kila nikiagiza naambiwa "ameshuka leo", halafu anakuja mkavu kama kiatu.

BiMkubwa_Kizingo
Akija mkavu mara nyingi si kosa la freza, ni la mpishi. Samaki wa baa hukaangwa mapema mchana, akawekwa, ukiagiza anarudishwa mafutani mara ya pili. Waambie wamtaka akiwa mbichi umwone: jicho liwe limejaa, shavu liwe jekundu, ukibonyeza kwa kidole nyama irudi. Changu na tafi wa sahani moja hukaangika haraka. Tewa na kolekole wakubwa waombe vipande. Ukitaka wa kupaka, agiza ukiketi na usianze kumuuliza mhudumu baada ya dakika kumi: samaki huchomwa kwanza makaani mpaka aive, ndipo hupakwa tui zito lililopikwa na ukwaju, thomu, tangawizi na pilipili, akarudishwa motoni lishike. Hiyo ni dakika arubaini kwa uchache. Akija mapema, tui limemwagwa juu tu. Na ukiona mchuzi una chembechembe na mafuta yamejitenga, tui limekatika: lilichemka kwa nguvu bila kukorogwa.

Mzee_wa_Tononoka
Nimeuliza habari ya leseni, nimefunzwa kupika. Fundi, nakujibu wewe. Nani atamlazimisha mwenye baa kuinua spika juu ya mpira? Saa tano inaonekana kwenye saa ya ukutani, hata askari mvivu anaijua. Hezi 63 hakuna afisa atakayeijua.

FundiSpika
Askari mvivu anaijua saa tano vizuri sana, ndiyo maana hufika saa tano kasorobo kupokea chake. Wekeni sharti kwenye leseni yenyewe: kabla ya kuhuishwa, fundi apime akiwa ndani ya chumba cha jirani aliye karibu zaidi, madirisha yakiwa wazi, muziki ukiwa kwenye kiwango cha Jumamosi. Mikisa ifungwe kiwango cha juu, kitufe kifunikwe. Kupima mlangoni pa baa hakusaidii.

Ramani_Tu
Madirisha wazi Mombasa mwezi wa pili? Hayafungwi hata hivyo. Lakini hapo nakubaliana na Fundi. Mzee, ukiweka saa tano pekee, watu watapanda magari yao waende Mtwapa, ambako ni kaunti ya Kilifi na mji wenyewe haulali. Watarudi saa tisa usiku wakiendesha magari. Hela zetu za leseni zitakuwa zimevuka daraja, kelele zitarudi kwa honi.

Mzee_wa_Tononoka
Waende. Mtwapa si nyumbani kwangu.

Tuktuk_ya_Makupa
Narudia. Ramadhani baa za mitaa yetu huzima zenyewe bila askari, na meza za futari hujaa kaimati na mbaazi mpaka usiku mkubwa, na hakuna jirani aliyelalamika majiko ya nje. Kwa hiyo ile hoja ya Kolekole kwamba jiko la nje haliishi bila baa ina kasoro.

Kolekole
Mwezi mmoja. Na miezi kumi na moja mingine?

Kigumba_Likoni
Miezi kumi na moja mingine wanakula pweza wa freza wakiambiwa ni mbichi.

Kolekole
Wallahi mtu huyu. Mama wa Bondeni anauza mbichi, hata leo.

Kigumba_Likoni
Leo mwezi una siku tisa tangu uandame, maji mafu. Freza.